Je, mpira uliogonga ringi ukarudi hauna jina la Kiswahili?

MAMA mmoja huuza chai na chapati katika kibanda kilicho nyuma ya jengo linaloendelea kuinuka, hatua chache kutoka barabara ya Kindaruma, mtaani Kilimani. Wateja wake wengi ni mafundi wa mjengo. Mimi humpitia Jumatatu asubuhi, na kwa kuwa anajua naandika mambo ya lugha gazetini, huniita mwalimu ingawa sikuwahi kumfundisha kitu. Juzi nilimkuta ameshika gazeti, kalikunja kwenye ukurasa wa michezo.

"Mwalimu, hebu nisomee hapa. Labda ni macho yangu. Jina ya kijana yangu haiko."

Kijana wake ni mwanafunzi wa chuo kikuu kimoja hapa jijini. Analipiwa karo kwa sababu ni mrefu na anaujua mpira wa vikapu. Wikendi hiyo timu yake ilikuwa imecheza mechi ya ligi kuu, na wenzake walimpigia mama simu kumwambia kwamba ni yeye aliyeibeba timu. Nikasoma taarifa yote, aya nne. Ilieleza nani alimlaza nani, nani alicheka na wavu na nani sasa anaongoza jedwali. Kijana hakutajwa.

"Kwani alifunga ngapi, mama?"

"Nne tu. Lakini wanasema mpira kila ikigonga pale juu ikirudi, ni yeye alikuwa anaishika. Yaani hiyo haina jina ya Kiswahili?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilikunywa chai yangu, nikalipa, nikaondoka na swali lake.

Makala ya leo ni jibu langu kwa mama huyo. Nakusudia kuhakiki namna tunavyousimulia msimu wa ligi ya mpira wa vikapu katika magazeti na redio zetu za Kiswahili. Dai langu ni moja. Tunausimulia msimu huo kwa msamiati wa soka, na kwa kufanya hivyo tunampa msomaji matokeo huku tukimnyima mchezo wenyewe. Anayepotea zaidi katika masimulizi hayo ni mchezaji ambaye kazi yake si kufunga.

Vikapu 74 ni pointi ngapi?

Tuanze na kosa dogo ambalo huonekana kila wiki. Mwandishi huarifu kwamba timu fulani iliishinda nyingine "kwa vikapu 66-58". Nambari hizo si za vikapu hata kidogo. Ni za pointi, au alama kama wengine wanavyopenda kusema. Katika mchezo huu, mpira ukiingia kwa mtupo huru unahesabiwa pointi moja. Ukirushwa kutoka ndani ya mstari uliochorwa mita 6.75 kutoka kwenye kikapu ni pointi mbili. Ukirushwa kutoka nje ya mstari huo ni tatu. Kikapu ni tendo, pointi ni thamani ya tendo hilo. Vitu viwili tofauti.

Msomaji anaweza kusema huku ni kutafuta makosa palipo na ufasaha wa kutosha, kwamba kila mtu anaelewa. Basi tuchukue mfano wa mechi ambayo Wakenya wengi wanaikumbuka. Februari 2021, jijini Yaoundé nchini Cameroon, timu yetu ya taifa ya wanaume, Morans, iliishinda Angola 74-73 katika mechi za kufuzu AfroBasket. Tylor Okari Ongwae alirusha mpira saa ikikatika, ukaingia. Angola wakati huo walikuwa wamelitwaa taji la Afrika mara 11. Sisi hatukuwa tumeonekana katika mashindano hayo tangu 1993, tulipoyaandaa hapa Nairobi. Kocha alikuwa Liz Mills, mwanamke kutoka Australia. Ushindi kama huo haumjii mtu kila mwaka, na ulistahili kuandikwa kwa uangalifu.

Sasa andika kwamba Kenya ilifunga "vikapu 74". Ikiwa vyote vilitokana na mitupo huru, hizo ni pointi 74. Ikiwa vyote vilirushwa kutoka nje ya mstari, ni pointi 222. Kati ya 74 na 222, msomaji ajichagulie mwenyewe. Hali huwa mbaya zaidi tunapomzungumzia mchezaji mmoja. "Alifunga vikapu 20" inaweza kuwa sifa ya kawaida kwa mfungaji hodari wa ligi, ikiwa tunamaanisha pointi 20. Ikiwa kweli tunamaanisha vikapu 20, hiyo ni kazi ya ajabu inayofaa ukurasa wa kwanza. Mwandishi asiyetofautisha haya amejinyima uwezo wa kushangaa pale panapostahili.

Jina lenyewe la mchezo halina lawama. James Naismith alipoubuni huko Springfield, Massachusetts, mwezi Desemba 1891, alitundika vikapu vya kweli, vya kubebea matunda ya pichi, na mpira ulipoingia ilibidi mtu aufuate juu. Kwa hiyo Kiswahili kilipoamua kuuita mpira wa kikapu, kama wasemavyo wenzetu wa Tanzania, au wa vikapu, kama tusemavyo Kenya, kilikaa karibu sana na chanzo chake. Tanzania wanahesabu kikapu kimoja, sisi tunahesabu vyote viwili. Sioni haja ya kugombana kwa hilo. Wao pia wanaita netiboli mpira wa pete, jina ambalo linamwonyesha hata asiyejua mchezo kwamba kuna pete ya kutumbukiziwa mpira. Waliotunga majina hayo waliuangalia mchezo kwanza, kisha wakatafuta neno. Siku hizi tunaanza na neno.

Kombora lisilo kombora

Hebu tusome sentensi hii: "Vijana hao walianza kwa kishindo na kutikisa nyavu mapema kupitia kombora la nahodha wao, kabla ya wapinzani kusawazisha kupitia mkwaju wa adhabu, lakini wakalazwa kwa vikapu 71-60." Nimeitunga mwenyewe ili nisimwaibishe mtu, ila anayesoma kurasa za michezo ataitambua kama jirani yake.

Kwanza, "walitikisa nyavu mapema". Katika soka bao la dakika ya tatu ni habari kubwa, kwa sababu huenda lisipatikane jingine. Katika vikapu, timu inayomaliza na pointi 71 imefunga mara thelathini na kitu. Kufunga wa kwanza hakumaanishi lolote. Na kama kila kikapu ni kucheka na wavu, mtu akimaliza mechi na pointi 25 atakuwa amecheka mpaka mbavu zimuume. Tena viwanja vingi vya mtaani ringi haina wavu kabisa, ni chuma kitupu. Watoto wanaojifunzia huko wanafunga wapi?

Pili, "kombora". Neno hili linafaa mpira uliopigwa kwa mguu ukaenda kwa kasi na kumshinda kipa. Mrushaji wa vikapu hufanya kinyume. Anaupandisha mpira taratibu, unapinda hewani, na anaomba ushuke laini kwenye ringi iliyo mita 3.05 juu ya sakafu. Ukienda kama kombora utagonga ubao na kuruka hadi katikati ya uwanja. Uhodari wake ni ulaini wa vidole, na sisi tumemsifu kwa nguvu ambazo hakuzitumia.

Tatu, "kusawazisha". Alama za vikapu husawazika na kupishana hata mara kumi katika mechi moja, na mechi yenyewe haiwezi kuisha sare. Dakika 40 zikikamilika wakiwa sawa, wanaongezwa dakika tano, na tano nyingine, mpaka mshindi apatikane. Kinachomsaidia msomaji ni kuambiwa lini pengo lilifunguka, na kwa nini halikufungwa tena.

Nne, na hapa ndipo nilipocheka, "mkwaju wa adhabu". Mkwaju ni mti, ni fimbo ya mti huo, na kwa watu wa soka ni teke linalopigwa kwa nguvu kama hiyo fimbo. Kanuni za mpira wa vikapu zinasema kuupiga mpira kwa mguu kwa makusudi ni kosa. Tumemchukua mchezaji aliyesimama peke yake kwenye mstari, uwanja mzima umenyamaza, anaudunda mpira mara mbili tatu apate pumzi, kisha tumemfanya apige teke linaloharamishwa na sheria.

Tano, "wakalazwa". Kiswahili cha michezo kina utajiri wa vitenzi vya kushinda: kulaza, kunyuka, kucharaza, kubwaga, kugaragaza. Utajiri huu tunautumia kama mtu anayechota nguo kabatini gizani. Aliyeshinda kwa pointi moja amecharaza, aliyeshinda kwa pointi 40 naye amecharaza. Kungekuwa na faida kama tungeyapanga maneno haya kwa vipimo. Aliyeshinda kwa pointi moja au mbili ameponyoka. Aliyeshinda kwa kumi amelaza. Kugaragaza tukuweke akiba kwa siku ile ambayo mpinzani anatoka uwanjani haamini kilichompata.

Sisemi msamiati wa soka ni mbaya. Ulijengwa kwa jasho. Watangazaji wa redio kama Leonard Mambo Mbotela, aliyetuaga Februari 2025, walimkalisha msikilizaji kijijini akauona uwanja kwa masikio. Walifanya hivyo kwa kuutazama mchezo uliokuwa mbele yao na kuupatia maneno yake. Anayewaenzi kweli hawezi kuyanakili maneno yao kwa mchezo mwingine. Ataiga bidii yao ya kutazama.

Mchujo baada ya ligi

Kosa la pili ni kubwa zaidi kwa sababu linahusu umbo la msimu wenyewe.

Neno "msimu" lilitufikia kutoka Kiarabu, mausim, na ni neno hilo hilo ambalo Wazungu walilichukua kwa pepo za Bahari ya Hindi. Kwa watu wa Pwani, msimu ulikuwa na sura mbili. Kaskazi ilivileta vyombo, kusi ikavirudisha. Nahodha aliyefika salama na kaskazi hakuwa amemaliza safari, maana faida ilihesabiwa aliporudi kwao.

Msimu wa ligi yetu ya vikapu nao una sura mbili. Kuna awamu ya kawaida ambapo timu zinakutana zote kwa zote na kujipanga kwenye jedwali. Kisha timu bora zinaingia awamu nyingine kabisa, zinakabiliana mbilimbili katika mfululizo wa mechi, na mwisho fainali ya mechi tano ambapo wa kwanza kushinda tatu ndiye bingwa. Aliyeongoza jedwali miezi yote anaweza kutolewa na aliyemaliza wa nne. Kwa msomaji wa soka, ambaye kwake kileleni mwa jedwali ndiko kwenye kombe, jambo hili linahitaji kuelezwa kila mwaka. Badala yake tunaandika "viongozi wa ligi wakaribia taji", kama kwamba pepo ni moja.

Na hiyo awamu ya pili tunaiita nini? "Mchujo." Hapa lugha inatutega. Katika siasa za Kenya, mchujo ni kura za chama zinazotangulia uchaguzi wenyewe. Katika soka, mechi za mchujo ni za kufuzu, kabla ya fainali za Kombe la Afrika. Kwa masikio ya Mkenya, basi, mchujo ni jambo la mwanzo, ni kuondoa makapi kabla ya shughuli. Anaposoma kwamba timu yake "imeingia mchujo" anadhani bado mapema, atafuatilia baadaye. Kumbe huu ndio wakati wa kununua tiketi. Ningependekeza tuseme "awamu ya taji" na "mechi za taji". Na katika fainali tuhesabu waziwazi: "mechi ya pili kati ya tano, Ulinzi wakiongoza mbili kwa bila". Tusiandike "wamepoteza fainali" wakati wamepoteza mechi moja na bado wana nafasi.

Siku hizi kuna hata sura ya tatu. Nairobi City Thunder, wakiwa mabingwa wa Kenya, waliendelea na mechi za kufuzu za bara, wakawa klabu ya kwanza ya Kenya kuingia Ligi ya Vikapu ya Afrika, ile iliyoanza 2021 kwa ushirikiano wa NBA na FIBA. Walicheza Kigali mwezi Mei 2025 na kutolewa katika hatua ya makundi. Aliyefuatilia habari zao kwa Kiswahili alikutana na "ligi" tatu au nne tofauti katika aya moja: ligi kuu, ligi ya Afrika, ligi ya kufuzu. Neno moja limebebeshwa mizigo yote. Mwandishi angesema tu "ubingwa wa Kenya", "mechi za kufuzu" na "Ligi ya Afrika", msomaji asingepotea.

Kulipwa, ridhaa, na karo

Kabla sijaondoka kibandani siku ile, mama aliniuliza swali lingine. "Na huyu wangu, mwalimu, gazeti inasema ni ligi ya kulipwa. Analipwa? Mimi sijaona kitu."

Kiswahili cha michezo kinagawanya wachezaji makundi mawili: wa kulipwa na wa ridhaa. Neno ridhaa ni zuri sana. Linasema mtu huyu anacheza kwa kuwa amekubali kwa moyo wake, hakuna aliyemnunua. Lakini ukiitazama ligi yetu kwa makini utaona kwamba maneno haya mawili hayaitoshi.

Tazama majina ya utani ambayo magazeti ya Kiswahili yamezipa timu. Ulinzi Warriors ni "wanajeshi". KPA ya Mombasa ni "wanabandari". Timu za Equity ni "wanabenki". Za vyuo vikuu kama USIU na Strathmore ni "wanafunzi" au "wasomi". Hapa nawapongeza wenzangu wa dawati la michezo bila kigugumizi, kwa sababu majina haya yanaeleza jambo ambalo jina la Kiingereza la timu halielezi. Yanasema nani anaweka chakula mezani. Kuna mchezaji ambaye ana kazi na cheo, na mpira umeshikamana na kazi hiyo. Kuna anayelipwa kwa karo na kitanda cha bweni. Thunder, inayomilikiwa na kampuni ya michezo ya Twende Sports, imekuja na mtindo mwingine, wa klabu inayoishi kwa mpira wenyewe.

Kijana wa yule mama ni wa kundi gani? Si wa ridhaa, maana akivunjika goti na kuachwa na timu, masomo yake yatatikisika. Si wa kulipwa, maana hana hata nauli ya kumtumia mama yake. Ni mchezaji wa karo, na sioni aibu kuliandika hivyo. Tukiandika "ligi ya kulipwa" kwa mkupuo tunamwongopea msomaji, tena tunamwongopea mzazi anayedhani mwanawe anaficha mshahara. Tukiandika "ligi ya ridhaa" tunamwondolea mwenye timu wajibu, kana kwamba vijana wamejitolea tu. Neno likikosea hapa halimkeri mwanaisimu peke yake. Linaathiri nani atadai nini, na kwa nani.

Kwa hiyo ninawaomba waandishi wafanye jambo jepesi: waseme. "Ligi hii ina wachezaji walioajiriwa, wanafunzi wanaolipiwa karo, na wachache wanaoishi kwa mpira." Sentensi moja mwanzoni mwa msimu inatosha.

Maneno yako uwanjani

Nirudi sasa kwenye swali la kwanza. Mpira uliogonga ringi ukarudi una jina?

Jumamosi jioni nilikwenda kusimama kando ya uwanja mmoja wa saruji, huku huku upande wa Kilimani, nikasikiliza. Vijana kumi walikuwa wakicheza na wengine wakisubiri zamu. Hakuna aliyesema "kombora". Walikuwa wakipaza sauti: "Skrini kulia!" "Chukua bodi!" "Rudi difensi, bana!" "Hiyo ni faulo, msee, usikatae!" Mmoja aliporuka na kuukandamiza mpira ndani ya ringi kwa mikono miwili, wote walipiga yowe moja: "Danki!" Kila neno lilikuwa na kazi. Lilimwambia mwenzake afanye nini, wapi, sasa hivi.

Kuna wanaoamini kwamba maneno kama haya ni uchafu wa kusafishwa, na kwamba kamati ikae itunge istilahi. Sipingi kamati. Lakini istilahi iliyotungwa na watu ambao hawajawahi kusimama chini ya ringi huishia kwenye kijitabu. Wengine wanaamini tuyachukue maneno ya uwanjani jinsi yalivyo na kuyamwaga gazetini. Hilo nalo lina shida, kwa sababu mama wa kibanda hajui skrini isipokuwa ile ya simu yake.

Mimi ningefuata kanuni tatu.

Ya kwanza: neno la mkopo ambalo wachezaji wote wanalo, na ambalo halina mshindani, lipewe uraia. Ringi, danki, faulo, ribaundi. Tuyaandike kwa sauti zetu na tuyape ngeli: ribaundi hii, ribaundi hizi, danki ile, danki zile. Soka ilifanya hivyo kwa gol, penalti na kona, na Kiswahili hakikufa.

Ya pili: tutumie vitenzi pale ambapo Kiingereza kinatumia nomino. Kiswahili ni lugha ya vitenzi, na viambishi vyake vinaweza kubeba mchezo mzima. Skrini ni nini? Ni mtu kusimama imara ili beki wa wapinzani asimfikie mwenzake. Tunacho kitenzi kukinga, na tukikiongezea mnyambuliko tunapata kukingia. "Alimkingia nahodha njia mara kadhaa, nahodha akarusha bila kusumbuliwa." Mama anaelewa, mchezaji anaelewa, na aliyefanya kazi ile isiyo na pointi ameonekana. Kadhalika kudundisha mpira, kupokonya, kupangua mpira ulio hewani ukielekea kikapuni.

Na kuudaka mpira uliorudi? Kudaka tunako. Kudaka ni kushika kitu kikiwa bado hewani, kabla hakijagusa chini. Watoto wana mchezo wa kurusha kijiwe juu na kukishika huku wakiokota vingine, unaitwa mdako. Najua Tanzania kudaka ni kazi ya kipa, na huko ni sawa pia, maana mpira wa vikapu hauna kipa wa kumnyang'anya neno. "Alidaka mipira 15 iliyorudi." Basi. Anayetaka ribaundi aandike ribaundi, anayetaka mdako aandike mdako. Ambacho hakikubaliki ni kukaa kimya.

Ya tatu: tusichukue neno la soka ambalo picha yake inapigana na tendo. Pasi, kocha, refa, nahodha, beki, hayo hayana ubaya. Kombora, mkwaju, lango na kucheka na wavu yabaki kwao.

Najua majibu ya wenzangu wa dawati la michezo, kwa sababu nimekaa nao. Watasema nafasi ni ndogo, aya nne tu, na mechi za vikapu humalizika usiku wakati gazeti linataka kwenda mtamboni. Ni kweli. Lakini meza ya waamuzi hutoa karatasi ya takwimu baada ya mechi, na ndani yake mna ribaundi, pasi zilizozaa vikapu, mipira iliyopokonywa na iliyopanguliwa, kila moja mbele ya jina la mtu. Aya nne zinatosha kutaja mfungaji bora na mtu mmoja ambaye si mfungaji. Nafasi inayoliwa na "kwa kishindo", "mtanange wa kukata na shoka" na "wakatikisa nyavu" ndiyo nafasi ya jina hilo.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha. Msimu ukiisha hauandikwi upya. Atakayetaka kujua, miaka 30 ijayo, ligi yetu ilichezwaje siku hizi, atafungua magazeti haya. Kwa Kiswahili atakuta nani alimlaza nani. Hatajua nani alikuwa akiruka.

Jumatatu iliyofuata nilimpelekea mama karatasi niliyoandika kwa mkono, baada ya kuomba takwimu za mechi ile kutoka kwa mtu aliyekuwapo mezani. Ilikuwa sentensi moja, na hapa naliacha jina la kijana nje: "Ingawa alifunga pointi nne pekee, alidaka mipira 15 iliyogonga ringi, sita kati yake chini ya kikapu cha wapinzani, na kila mara timu yake ikapata nafasi ya kurusha tena."

Akaisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Kisha akamwita fundi aliyekuwa akila chapati kwenye benchi.

"Soma hapa. Huyu ndio kijana yangu. Hii ndio kazi alikuwa anafanya."

Fundi akasoma, akauliza, "Kumi na tano? Peke yake?"

"Peke yake," akajibu mama, akaikunja karatasi na kuiweka chini ya kopo la pesa.